Mke Aliye Kwenye Faili

—Namalwa ni nani?

Masinde alikuwa na tonge la obusuma, ugali wa kwao, mkononi. Tonge likabaki hapo hapo, halikufika mdomoni wala halikurudi sahanini.

—Namalwa gani?

—Huyu wa barua ya ofisi yenu.

Pascalia akaisoma kwa sauti ile ya kusomea matangazo kanisani: "Kabla ya kustaafu kwako tarehe 30 Juni 1996, lete cheti cha ndoa yako na mkeo, Bi. Namalwa, ili atambuliwe katika pensheni ya wajane."

—Mama Awinja, hayo ni makosa ya zamani.

—Makosa yanaitwanga mke?

Masinde akanawa mikono kabla ya kushiba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaanza kueleza. Mwaka wa sabini na moja alikuwa dereva kijana wa serikali, wanalala wanne chumba kimoja. Nyumba nzima alipewa mwenye mke tu.

—Namalwa tulikuwa tumeongea tu. Babake hata hakuwa amekubali. Nikamwandika kwa fomu. Nyumba nikapata, msichana nikakosa.

—Ni hii nyumba?

—Ni hii.

—Kumbe miaka ishirini na miwili napika kwa Namalwa!

Kama ungekuwa uongo wa nyumba pekee, Pascalia angemsamehe kabla sahani hazijaoshwa. Lakini huyu Masinde hakuwa amepeleka hata kwato la ng'ombe wa mahari kwao Pascalia, Khayega. Kila mwaka wimbo ulikuwa ule ule: ngoja kiinua mgongo. Pascalia alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kwa wazazi wake hakuwa ameolewa, na sasa hata serikali ilikuwa haimjui.

Asubuhi akafunga nguo zake kwa leso, akaenda Khayega kwa kaka yake Shitanda.

Siku ya tatu akaitwa dukani kwa Wangila, ambako kulikuwa na simu.

—Mama Awinja, usikate. Nimetoka kwa karani wa pensheni.

—Sema.

—Mimi nilidhani kiinua mgongo ndiyo pesa yote. Kumbe ni kipande tu. Zingine zinakuja kila mwezi nikiwa hai. Na ile wanakatanga kwa mshahara wangu ni ya mjane. Nikifa kesho, watauliza Namalwa ako wapi.

—Na mimi?

—Wewe hauko kwa faili. Karani amesema nirekebishe kabla sijatoka kazini. Nikishatoka, itakuwa taabu.

—Si rekebisha basi.

—Anataka cheti. Na kaka yako hawezi kusimama shahidi kabla ya ng'ombe. Nami nilikuwa nangoja kiinua mgongo ndio nilete ng'ombe.

Pascalia akahamisha simu sikio la pili.

—Baba Awinja, hebu jisikie. Ng'ombe anangoja kiinua mgongo, mimi nangoja ng'ombe, na faili inafungwa Juni. Hicho kiinua mgongo kinatokanga lini?

—Karani anasema mafaili hukaa Nairobi miezi mingi.

—Sasa?

Masinde akakohoa.

—Pia Namalwa lazima aape kwa wakili kwamba hatukuoana. Nasikia aliolewa Chekalini.

—Hauendi peke yako, Pascalia akasema. Nakuja.

Walimkuta Namalwa akipura mahindi, mama mnene mwenye sauti kubwa, mke wa mkulima mmoja aitwaye Kipchirchir. Aliposikia habari, akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka machozi.

—Mimi, bibi ya huyu? Babangu si alimfukuza! Alikuja kuniposa mikono mitupu, ati atalipa akipandishwa cheo!

Pascalia naye akacheka. Hakuwa amecheka tangu ile barua.

—Na kwenu alipeleka nini, dada? Namalwa akauliza.

Kicheko kikakatika. Pascalia akaangalia mahindi.

—Bado.

—Miaka mingapi?

—Ishirini na miwili.

Namalwa akamgeukia Masinde, sasa hacheki.

—Masinde, haujabadilika hata kidogo. Nitaapa, lakini sikanyagi kwa wakili mpaka huyu mama aniambie umefika kwao. Umenitumia kupata nyumba, basi leo mimi nakutumia.

Wakapanda gari kurudi Kakamega. Waliposhuka, Masinde akasema:

—Naona aibu.

—Aibu ni mwanzo mzuri, Pascalia akajibu, akaendelea na safari yake ya Khayega.

Wiki hiyo Masinde aliuza baiskeli yake na ile redio kubwa aliyokuwa akiisikilizia mpira. Jumamosi akaonekana barabarani, suruali imekunjwa magotini, anaswaga mtamba mwekundu aliyemnunua soko la Lubao. Shitanda akatoka nje, akamzunguka yule mtamba mara mbili.

—Mmoja?

—Mmoja, shemeji. Wengine nitaleta pensheni ikianza. Huyu sikutaka angoje.

Shitanda akamwangalia dada yake. Pascalia alikuwa ameshashika kamba.

Namalwa aliapa. Tangazo la ndoa likakaa ukutani kwa D.C. siku ishirini na moja, na katikati ya Juni wakafunga ndoa, Shitanda shahidi, binti yao Awinja amembeba mtoto wake mgongoni akishuhudia arusi ya wazazi. Kutoka hapo wakaenda moja kwa moja kwa karani wa pensheni, bibi arusi bado na ua kichwani.

Karani akafuta Namalwa, akaandika jina jipya.

—Mke wa kwanza, Pascalia. Fomu ina nafasi zingine tatu, mzee, kama kuna...

Pascalia akaichukua kalamu mkononi mwa karani, akapiga mstari juu ya nafasi zote tatu, taratibu, bila kuruka hata moja.

—Zimejaa, akasema.

Karani akamtazama Masinde. Masinde akaitikia kwa kichwa, na muhuri ukagongwa.