Kopo la Kaka

Kila asubuhi msichana Kijiti alifagia chumba cha mbele, akaokota chupa tupu za soda chini ya cherehani ya kaka yake, kisha akaenda shule. Kaka alikuwa fundi nguo, kijana mnene aliyehema kila alipoinuka kitini. Tangu mama yao afariki, alikula bila kuonja na kushona bila kuimba. Kijiti naye hakulia wala kucheka. Nyumba nzima ilikuwa imekufa ganzi.

Siku moja kaka alirudi kutoka kliniki na kopo dogo.

"Daktari amenipima damu, sasa anataka choo changu, apime bakteria wa tumboni," alisema. "Mimi naona aibu. Nitilie chako, mdogo wangu. Choo ni choo."

"Haya, kaka," Kijiti alijibu. Hakuhisi lolote.

Siku ya majibu walikwenda pamoja. Daktari, mama mwenye miwani, alisoma karatasi mara mbili.

"Ajabu," alisema. "Sukari kwenye damu yako iko juu, lakini bakteria wako ni wazuri, tena wa kila aina. Nilitaka tuanze na chakula. Kwa majibu haya, nitakuandikia dawa tu."

Akashika kalamu. Kaka akatazama sakafu. Hapo Kijiti akaogopa, woga wa kweli. Alikuwa ameshamzika mama, hakutaka kumzika na kaka.

"Daktari, kile choo ni changu."

Kaka alimfinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kumbe," alimwambia kaka taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Tumboni mna bakteria wanaotusaidia kutumia sukari na mafuta vizuri. Chakula chao ni maharage, mboga na matunda. Ukiishi kwa soda na mkate mweupe, wale wema hupungua. Unene si aibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nasema mficha choo hatibiwi. Mshukuru dada yako kwa kusema kweli."

Safari hii kaka alijaza kopo mwenyewe. Akaacha soda, akawa anakwenda sokoni kwa miguu kununua mboga. Baada ya miezi kadhaa, sukari ilianza kushuka.

Jioni moja alisimamisha kijiko juu ya maharage.

"Leo chumvi imezidi."

Kijiti alimtazama. Tangu msiba, kaka hakuwahi kulalamikia chakula. Akacheka, akacheka mpaka akalia, na kaka akamsogezea maji.