Vibanio Vitano vya Mama Povu

Mtaa wao ulianza siku kwa harufu ya sabuni. Kabla maduka hayajafunguliwa, mvuke ulikuwa umeshatanda uani kwa madobi wawili, mtu na mkewe. Mashuka meupe ya nyumba za wageni yalipepea kwenye kamba. Mke alifua, mume alipiga pasi. Watu walimwita mke Mama Povu, na mume, kwa kukosa jina bora, wakamwita Baba Pasi. Miaka thelathini hawakuwahi kupoteza hata soksi moja. Soksi ikikosekana, Mama Povu alisema, basi mwenyewe hakuja nayo.

Sasa kamba zilikuwa nusu tupu. Mama Povu alikuwa na saratani, nayo ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Hospitalini waliwaambia ukweli: haitapona. Wakamrudisha nyumbani, na kitanda chake kikawekwa dirishani ili aone kamba zake.

Alisinzia, akazinduka, akasinzia tena. Vivuli vya mashuka vilipita ukutani polepole, vikaja, vikaondoka.

"Nimeota naanika," alisema mchana mmoja. "Shuka moja tu, lakini haliishi. Naanika, naanika, mwisho siuoni."

"Litakuwa la yule mgeni mnene wa chumba namba saba," alijibu Baba Pasi.

Mama Povu akacheka. Maumivu yakamkamata, na kicheko kikakatika katikati.

"Mume wangu."

"Naam."

"Ile chupa aliyoacha nesi. Nipe ninywe yote. Nipumzike, nawe upumzike."

Chupa hiyo ilikuwa na mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Baba Pasi alitoka kwenda uani, akashika pasi, akaunguza kola ya shati la mteja. Hilo halikuwahi kumtokea. Alisimama akiitazama ile kola nyeusi huku machozi yakimlengalenga. Alimpenda mkewe, na aliogopa kuwa muuaji wake.

Basi akaificha chupa chini kabisa ya rundo la mashuka yaliyopigwa pasi. Tangu siku hiyo alimpa mkewe dawa pale tu alipolia, na hata hapo alimpa nusu ya kipimo.

"Jikaze kisabuni, mke wangu," alimwambia.

"Sabuni yenyewe imekwisha," alijibu Mama Povu.

Kila siku alizidi kuumia. Kila siku aliomba tena lile aliloomba. Na kila alipoomba, Baba Pasi aliisukuma chupa chini zaidi.

Jumatatu nesi wa wagonjwa wa majumbani alibisha hodi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mkoba mkubwa na viatu vya kutembea.

"Shikamoo, baba. Mama anatumia dawa vizuri?"

"Marahaba. Anatumia."

"Naomba nione chupa."

Baba Pasi alikwenda kwenye rundo la mashuka. Aliinua shuka moja, la pili, la kumi, mpaka akaifikia. Nesi aliiinua kwenye mwanga. Chupa ilikuwa bado imejaa karibu yote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya mficha dawa hawakusema kitu, lakini naye aliumbuka vilevile.

"Kuna nini, baba?" nesi aliuliza kwa upole.

Baba Pasi akamweleza yote, pamoja na kola. "Ameniomba nimpe yote, binti. Nimeogopa. Tena watu wanasema dawa hii humfanya mtu mlevi, na kwamba huharakisha kifo."

Nesi hakumgombeza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika Mama Povu mkono.

"Mama, nimesikia ulichoomba. Naomba unieleze wewe mwenyewe."

Mama Povu aligeuza uso dirishani. "Sitaki kufa, mwanangu. Nataka hiki kinachonitafuna kiniache. Kama njia ni hiyo moja tu, basi nipitisheni hapo." Akavuta shuka kifuani. "Na jambo jingine. Siku si nyingi nitachafua mashuka. Mimi! Dobi!"

"Mashuka ya watu baki tumefua miaka thelathini," alisema Baba Pasi, "ya kwako ndiyo yatanishinda?"

Mama Povu alifunika uso kwa kiganja. Alilia, lakini kilio hicho hakikuwa cha maumivu.

"Binti," Baba Pasi aliuliza, "ni kweli kuna nchi daktari anaruhusiwa kumsaidia mgonjwa afe?"

"Zipo chache, kwa masharti mengi. Nyingi zinakataza, na hapa kwetu sheria inakataza. Watu wenye nia njema wanabishana. Wengine wanasema mwenye mwili ndiye mwenye uamuzi. Wengine wanasema uhai haukatizwi na mkono wa mtu, tena mnyonge anaweza kusukumwa ajione mzigo. Sitaweza kuumaliza ubishi huo hapa kitandani. Lakini maumivu ya mama naweza kuyapunguza, na tuanze na hayo."

Akaeleza polepole. Mofini hutolewa kwa saa zilizopangwa, haingoji kilio. Ukisubiri maumivu yafike, yamekwisha kukutangulia. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, na anayeitumia kwa maumivu kama alivyoelekezwa si mlevi. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana au kusikia kichefuchefu. Pia hufunga choo, kwa hiyo kuna dawa ya kulainisha choo ya kuambatana nayo.

"Maumivu yakichomoza kabla ya saa, kuna kipimo cha ziada. Nimekiandika hapa. Usiongeze wala kupunguza bila kuniuliza. Akisinzia hata kuamka ni shida, usimpe nyingine, nipigie simu."

"Na akiichukua yote?"

"Ikae rafu ya juu, na wewe ndiye upime. Lakini lile aliloomba tusilifiche. Akilisema, msikilize. Niite nami nisikilize."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara tano. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Kipimo hicho cha mwisho ni mara mbili, ili nyote mlale mpaka asubuhi."

"Nitasahau," alisema Baba Pasi.

"Funga kamba," alisema Mama Povu.

Baba Pasi akafunga kamba fupi juu ya kitanda, akabana vibanio vitano vya nguo upande wa kushoto. Kila alipompa dawa, alihamisha kibanio kimoja kwenda kulia, na kila alfajiri alivirudisha vyote kushoto.

Siku ya kwanza Mama Povu alilala sana. Siku ya tatu alikaa kwa kuegemea mito. Siku ya tano aliomba aletewe kitambaa, akakikunja mara nne, pembe juu ya pembe, akasema mumewe amezoea kukunja ovyo.

"Lile uliloniomba," Baba Pasi alianza.

"Bado naona mtu ana haki ya kuliomba."

"Nami bado naona nisingeweza."

"Basi tubishane kesho. Leo nataka unianikie yale mashuka mapana, yanayoshika upepo."

Wakaishi hivyo wiki sita. Alipochafua mashuka, Baba Pasi aliyafua, akayasuuza mara mbili, akayaanika mbele ya dirisha ili mkewe ahakikishe weupe wake. Maumivu hayakuisha kabisa, lakini hayakumtawala tena. Nesi alikuja kila Jumatatu. Mara nyingine walizungumza juu ya kifo, mara nyingine juu ya madoa ya kutu.

Alasiri moja, upepo ulikuwa mwanana. Vivuli vilikuja ukutani, vikaondoka.

"Limeisha," alisema Mama Povu, akiwa amefumba macho.

"Nini?"

"Lile shuka. Nimeona mwisho wake."

Baba Pasi alimshika mkono. Pumzi za mkewe zilikuwa ndogo, zikaachana, zikakoma. Hakulia kwa maumivu, na hakuwa peke yake.

Jumatatu nesi alikuja kuichukua chupa. Baba Pasi aliishusha kutoka rafu ya juu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Juu ya kitanda kamba ilikuwa bado imefungwa. Vibanio vitatu vilikuwa kulia na viwili kushoto, kama vilivyokuwa alasiri ile, na nesi hakumwambia aviondoe.