Noeli Bila Klaudia

Kila asubuhi Benigna alifagia ua, akateka maji chemchemini, kisha akambeba mgongoni mdogo wake Klaudia, ingawa Klaudia alikuwa na miguu mizima ya kutembea. Klaudia alikuwa na miaka mitano, na mdomo wake haukujua kuchoka. Desemba ile alikuwa na swali moja tu.

"Dada, Noeli ni kesho?"

"Bado. Tulia, utaniangusha."

Hapo Nyanga, miaka ile ya Mwingereza, baba yao Protase hakuwa na desturi ya kula Noeli nyumbani. Aliichukua familia yake kwa miguu mpaka Kashozi, wakalala kwa Babu Buberwa, wakaamkia misa. Klaudia hakuwahi kwenda, maana alihesabiwa mdogo. Mwaka huu aliahidiwa, na mama alikwisha kumshonea gauni. Mtoto alilivaa na kulivua mpaka mama akalificha.

Sasa, kwa Wahaya mtu haendi kwa baba yake siku ya sikukuu mikono mitupu. Hubeba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo Protase alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalitandika majani makavu ya migomba, akapanga mikungu, akaitia moshi. Juu alifunika kwa majani na udongo, akalaza kigogo kizito cha mgomba.

"Asiguse mtu," aliwaonya. "Baridi ikiingia humo, ndizi hugoma kuiva. Na ndizi iliyogoma haikamuliki."

Benigna hakuwa mtoto mbaya, tuseme kweli. Alikuwa mlafi tu, na ulafi una sikio la kufa. Siku ya tatu wazazi walikwenda kutandaza nyasi kwenye mibuni, na harufu ya ndizi ikamfuata mpaka jikoni. Alikisukuma kigogo kwa mabega, akafukua, akachomoa ndizi mbili zilizoanza kuwa njano. Alipogeuka, Klaudia alikuwa amesimama pale anamtazama.

"Kula hii, unyamaze," alisema Benigna, akampa moja. Kisha akarudisha udongo harakaharaka.

Shimo lilipofunguliwa, ndizi zilikuwa ngumu kama viazi. Protase alizitia kwenye mtumbwi wa kukamulia, akazikanyaga pamoja na nyasi mpaka jasho likamtoka. Hapakutoka juisi. Muda wa kuzika nyingine haukuwapo tena. Akawaita watoto wake.

Mama ndiye aliyeona ganda la ndizi kwenye mkeka wa Klaudia. Mtoto alikuwa amelifunga kitambaa, amelifanya mwanasesere.

"Nani alikupa?" aliuliza Protase.

"Dada," alijibu Klaudia, wala hakuogopa.

Protase akamgeukia mkubwa. Benigna alitaka kusema kweli, lakini aliiona fimbo.

"Mwongo huyo, Tata. Mimi nilikuwa chemchemini."

"Ni dada," alisema Klaudia tena. "Dada ndiye aliyefukua."

"Ndizi ningesamehe," alisema Protase. "Lakini mtoto mdogo hivi, tayari anamsingizia mkubwa wake? Uongo siulei." Alimchapa, na Kashozi akamnyima. Angebaki kwa jirani, bibi Zabibu, ambaye alikuwa Mwislamu na hakuwa na safari ya Noeli. Walipoondoka Klaudia hakulia. Alirudia tu, "Si mimi, Tata," mpaka walipopinda nyuma ya migomba.

Kanisani watu walibeba watoto wao juu ili waone pango na Mtoto Yesu juu ya majani makavu. Mgongo wa Benigna ulikuwa mtupu. Aliona uchungu ambao hakuwahi kuujua, akaangalia chini mpaka misa ikaisha.

Nyumbani kwa Babu, Protase aliomba radhi kwa kuja bila kibuyu, akaeleza habari ya Klaudia. Mzee alisikiliza, halafu akauliza polepole.

"Shimo lako halifunikwi kwa kigogo?"

"Hufunikwa, Tata."

"Na kigogo hicho, mtoto wa miaka mitano alikiondoa kwa mikono ipi?"

Hasira ilikuwa imemtia Protase upofu. Wote wakamtazama Benigna.

"Ni mimi," alisema. "Klaudia alisema kweli."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga. Protase alichukua mkongojo wake, akamwomba mama yake mzazi kipande cha nyama, akakifunga kwenye jani la mgomba, wakarudi Nyanga siku ileile kabla chakula cha sikukuu hakijapakuliwa.

Walimkuta Klaudia barazani kwa bibi Zabibu, anaambua maharage. Protase alichuchumaa mbele yake, jambo ambalo Benigna hakuwahi kuliona.

"Mwanangu, nilikukosea. Ulisema kweli nikakupiga. Nisamehe."

Klaudia aliendelea kuambua.

"Nimekuletea nyama. Una njaa?"

Mtoto alimtazama Benigna, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Muulize dada."

Protase aliinuka, akawapa wote mgongo. Mama ndiye aliyemshika Benigna mkono, akamvuta kando.

"Umesikia?" alisema. "Shimo likiharibika tutazika mikungu mingine. Kashozi, tukijaliwa, atakwenda mwaka ujao. Lakini huyu alisema kweli akachapwa, na sasa anaona neno lake si kitu, mpaka wewe uulizwe. Uongo wako hatukuula sisi, ameula yeye. Kuanzia leo, kila akisema jambo la kweli, wewe uwe wa kwanza kusema, ‘Ndivyo.’ Na usichoke, maana itachukua muda."

Benigna alirudi barazani, akaketi karibu na mdogo wake. Klaudia alisogeza ungo wake upande wa pili.