Waya Unaopaswa Kuchomoka Mwisho

Dobi alikutwa chali kando ya meza ya kupigia pasi, kiganja cha kulia kimeungua. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, pingu mikononi. Mdogo wa marehemu ndiye aliyeita polisi, na ndiye aliyemnyooshea kidole.

"Waligombana asubuhi, afande. Mtaa mzima ulisikia."

"Nani asiyegombana na mumewe?" mjane alijibu bila kuinua uso.

Inspekta hakumwamini hata mmoja wao. Aliitazama pasi kuukuu ya chuma, kisha plagi yake, ambayo koplo alikwisha kuitia katika mfuko wa vielelezo.

"Afande, muuaji ni umeme," koplo alinong'ona. "Tumtie ndani?"

"Umeme hauna kinyongo, koplo. Tafuta mwenye kinyongo."

Akamgeukia yule ndugu. "Unadhani shemeji yako alifanya nini?"

"Pengine hakukusudia. Ila ana tabia ya kuvuta waya badala ya kushika plagi. Nimemwonya mpaka nimechoka. Ndiyo maana waya wa ardhi umechomoka, na pasi ikivuja umeme mtu hana kinga."

"Umechomoka wa ardhi?"

"Huo huo."

"Koplo, bisibisi."

Plagi ilifunguliwa. Kweli, waya wa ardhi ulikuwa nje ya skrubu yake, ncha yake nzima. Wenzake wawili walikuwa wamekazwa barabara. Inspekta akafungua na plagi ya feni iliyokuwa pembeni, akalinganisha urefu wa nyaya.

"Mama, hizi alizifunga nani?"

"Marehemu. Hakuruhusu mtu azisogelee."

"Alijua kazi. Sikiliza, kijana. Waya wa ardhi huachwa mrefu kuliko wenzake kwa makusudi. Kamba ikivutwa kwa nguvu, wa moto, unaoleta umeme, hutangulia kuchomoka, kifaa kikazimika. Wa ardhi, ambao ndio mlinzi wa mtu, hubaki hadi mwisho. Hapa mlinzi katoka peke yake. Huu haukuvutwa, umefunguliwa."

"Basi muulize yeye! Si ndiye ashindaye humu?"

"Nakuuliza wewe. Plagi ilikuwa imefungwa, nami sikujua upi umetoka. Wewe ulijuaje?"

Kijana alirudi nyuma hatua moja.

"Umeufungua wewe?"

"Ndiyo." Sauti ilikuwa ndogo. "Na ndani ya pasi nikaugusisha waya wa moto na chuma."

"Kwa nini?"

"Nimeposa, afande. Kaka akasema lazima wakwe zangu wajue kwamba nina mke na mtoto niliowatelekeza. Nilimpigia magoti. Akasema uongo haujengi nyumba. Angeniaibisha!"

Koplo alimvua mjane pingu, akamvisha shemeji yake. Mjane akasimama kwa taabu, akaelekea mezani, akalichukua shati lililokuwa limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Hakutaka kukuaibisha, shemeji," alisema. "Alitaka ukaseme mwenyewe, naye awe kando yako. Hili ni shati lako. Alikuwa akikunyooshea la kwendea."