Nyuzi Thelathini na Saba

Hata asiyempenda Mlaza angesimama kumtazama akiwa kazini. Ni mashine ya mikono sita, imening'inia darini katika Kituo cha Safari cha Mbeya, na inawalaza wasafiri wa Mirihi kwenye vitanda vya kioo. Mkono huu unatandaza blanketi la umeme, ule unachoma sindano, na kabla msafiri hajamaliza kusema "aisee", keshalala. Haamki mpaka miezi saba ipite. Asubuhi ile walikuwa wamelazwa thelathini na tisa, amebaki mmoja.

Huyo mmoja ni Nsajigwa, fundi wa kuchomelea kutoka Tukuyu. Kando yake alisimama Sista Atuganile, muuguzi wa kituo, ambaye siku hizi kazi yake ilikuwa kutia sahihi tu. Mlaza ndiye aliyepima na ndiye aliyeamua. Sista alilichukia jambo hilo, wala hakuficha.

Mavazi ya safari yalikuwa mapya, ya kiwanda cha ng'ambo, yanayopima joto la mwili kwa Farenhaiti, na Mlaza alikuwa akiligeuza kwenda Selsiasi. "Nyuzi thelathini na nne. Ana baridi. Napasha blanketi," alitangaza kwa kila msafiri. Wasindikizaji wakacheka. Juni ya Mbeya, nani asiye na baridi? Lakini kwa Nsajigwa akasema, "Nyuzi thelathini na saba. Afya kamili. Hongera." Wakampigia makofi.

Sista akampa mkono wa kwaheri. Kwao mkono hautolewi juu juu. Unashikwa mpaka umeulizia nyumbani, watoto, migomba na ng'ombe. Alipofika kwenye ng'ombe, akakishika kiganja kile kwa mikono miwili. Mikono ya wale wengine ilikuwa baridi kama maji ya bomba. Huu ulikuwa unawaka.

"Kaka, wewe unaumwa."

"Baridi tu, Sista. Jana nilitetemeka kidogo. Lakini si mashine imesema mimi mzima?"

"Nalaza," akasema Mlaza, sindano ikashuka.

Atuganile akavuta mpini mwekundu. Mikono sita ikaganda hewani.

Injinia Kyando, mkuu wa zamu, akaja mbio. "Umechanganyikiwa? Chombo kinaruka baada ya dakika arobaini! Una ushahidi gani?"

"Mkono wangu."

"Mkono! Sista, kwa hili utanyang'anywa leseni, haki ya Mungu."

"Waichukue. Huyu akilazwa na homa hii, Mirihi watapokea maiti." Akainua uso darini. "Mlaza, nionyeshe namba uliyopokea kabla hujaigeuza."

Kioo cha namba cha Mlaza kikaandika 104.

Sista akachomoa kalamu, akaandika kiganjani kama alivyofundishwa chuoni. Mia na nne toa thelathini na mbili, sabini na mbili. Mara tano, mia tatu sitini. Gawa kwa tisa.

"Arobaini, Injinia. Mtu anaungua!"

Kyando akahesabu, midomo ikicheza. Akapoa. "Sasa hiyo thelathini na saba imetoka wapi?"

"Toa thelathini, gawa kwa mbili," Mlaza akajibu kwa adabu. "Nilifundishwa na Sista Atuganile, wakati wa chai, Machi tarehe tisa."

Loo! Sista akakumbuka. Ni kweli, rubani mgeni alimsimulia joto la kwao kwa Farenhaiti, naye akamwonyesha njia ya mkato. Kwa kujua kama uvae sweta, njia hiyo inatosha kabisa. Kwa mwili wa mgonjwa ni balaa. Na Mlaza alikuwa anasikiliza, maana ameagizwa ajifunze kwa wauguzi.

Angeweza kukana. "Ni mimi," akasema mbele ya wote. Kisha akageukia vitanda vya kioo, akashika kichwa. Kwa hesabu ile ya mkato, mtu mwenye afya ndiye anayesomeka thelathini na nne.

"Mungu wangu! Hawa hawana baridi. Hawa ndio wazima! Zimeni mablanketi!"

Kyando alikimbia mwenyewe, kitanda hadi kitanda. Vifuniko vikafunguliwa, Sista akawachoma sindano ya kuwaamsha. Wakaamka mmoja mmoja, wanatiririka jasho, wananung'unika, wazima wote thelathini na tisa. Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani hata Mirihi walivisikia. Chombo hakikuruka siku ile, na hakuna aliyekililia.

Nsajigwa alikutwa na nimonia, akatibiwa, akasafiri mwezi uliofuata.

"Niandike nini kwenye taarifa?" Kyando aliuliza.

"Andika yote. La chai na la mkono."

Akaandika yote. Leseni haikuguswa, na Mlaza akaomba kufundishwa upya, na Sista akamfundisha hesabu nzima bila mkato. Akamwongezea na lingine. Sasa kabla ya kusoma namba yoyote, Mlaza hushusha mkono mmoja, humshika msafiri kiganja, na kumuuliza habari za nyumbani, watoto, migomba na ng'ombe. Kila safari chombo huchelewa, na hakuna anayemharakisha.