Vifungo Visivyo na Matundu

Kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso vizuri, mama alikuwa ananiita kwenye meza ya cherehani. Mama yangu ni fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: pasi dirishani, mabaki ya vitambaa sakafuni, na nyuzi kila mahali, hadi kwenye nywele zangu. Ananisogezea kikombe cha maji na vidonge vitatu vyekundu. "Haya, Kasuku, meza." Nikimeza, ananiambia nifungue mdomo, niinue ulimi, kisha anaweka alama kwenye kadi ya kliniki. Kasuku ni jina la nyumbani. Wanasema nikianza kuongea hakuna mwingine anayepata nafasi, na kwa hilo sibishi.

Nilikuwa na kifua kikuu. Miezi ya mwanzo sitaki hata kuikumbuka. Nilikohoa mpaka mbavu zikauma, nikakonda nikabaki macho tu, na kwaya ya watoto kanisani ikaimba bila mimi. Siku tuliyoanza dawa, nesi wa kliniki alinikazia macho akasema, "Ni miezi sita, kila siku. Utajisikia umepona mapema, usidanganyike. Ukikatisha, vijidudu vilivyobaki vitarudi vikiwa sugu, na dawa hizi hazitaviweza tena. Na huyo mdogo wako utamwambukiza." Mdogo wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alipimwa akaonekana mzima, na niliporuhusiwa, tukarudi kulala chumba kimoja.

Mwezi wa nne nilikuwa mzima kabisa, au niseme nilijiona mzima. Mashavu yalirudi, sauti ikarudi, nikarudi kwenye kwaya. Kilichobaki kunisumbua ni dawa zenyewe. Nikizimeza tu tumbo linachafuka, na kichefuchefu hakiniachi mpaka mapumziko ya saa nne shuleni.

Rafiki yangu, tuliyempa jina la Kengele kwa sauti yake, alinikuta nimeegemea ukuta wa darasa nikipambana na tumbo.

"Kwani bado unameza?" akauliza. "Kanisa zima lilikuombea. Umepona, mwenzangu! Ukiendelea kumeza, si ni kama unamwambia Mungu humwamini?"

Maneno hayo yaliniingia sawasawa. Lakini nisijifanye mtakatifu: hayakuniingia kwa sababu ya imani. Yaliniingia kwa sababu nilichoshwa na kichefuchefu na nilikuwa natafuta mtu wa kuniruhusu kuacha.

Wiki ileile mama alipata kazi ya majoho thelathini ya kwaya ya wakubwa, ya rangi ya damu ya mzee, kila joho vifungo vitano vya rangi hiyohiyo. Yalitakiwa Jumapili. Mama hakuwa na muda hata wa kukuna kichwa. Miwani yake nayo ilikuwa imevunjika mkono mmoja, ikifungwa kwa uzi. Jumatatu asubuhi hakunigeukia. "Meza, nakusikia," akasema huku mguu wake ukikanyaga cherehani.

Nikanywa maji kwa kishindo, gu gu gu, kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Vidonge nikavidondosha taratibu kwenye kopo la vifungo lililokuwa karibu na kiwiko chake. Nilipanga nivitoe nikitoka shule. Wapi! Niliporudi kopo lilikuwa limekorogwa, na mama amekaa karibu nalo mpaka wakati wa kulala. Jumanne nikafanya vilevile. Jumatano vilevile. Alhamisi nilividondosha bila hata kufikiri, na hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo. Jioni mama alikuwa anaomba, "Bwana, asante kwa dawa za mtoto huyu," na mimi naitikia amina ya kooni, isiyofika popote.

Alhamisi hiyo alasiri nilikuwa namtungia mama uzi kwenye sindano. Vifungo yeye huvishona bila miwani, kwa mazoea. Vidole vyake vinajua tundu lilipo. Akachukua kifungo, akachoma. Sindano ikagoma. Akakigeuza, akachoma tena.

"Hiki nacho kimezaliwa bila matundu?" Akakitupa mezani, akachukua kingine. Nacho hakina. Cha tatu hakina. Mama akasimama. "Yule mzee wa duka la vifungo ameniona mimi mjinga! Nimenunua kwake miaka yote, leo ananichanganyia takataka kwenye kazi ya kanisa? Ngoja nimfuate. Leo atanitambua!"

Akajifunga kitambaa kichwani, akaviminya vile vitatu kwenye kiganja. Mimi nimesimama na sindano mkononi. Ningenyamaza tu. Angekwenda, angefoka mbele za watu, na yule mzee mpole asingejua hata ajibu nini. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya miguu yangu akichezea futi ya kupimia ya mama, akinicheka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, nisaidie nifungue mdomo huu.

"Mama, usiende. Hivyo si vifungo. Ni dawa zangu."

Mama akafungua kiganja, akavisogeza karibu kabisa na macho. Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliuliza tu, "Viko vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Siku nne," akasema polepole. Kisha akainama, akamwondoa mdogo wangu juu ya miguu yangu, akambeba. Hapo ndipo nilipolia.

Tulilimwaga kopo lote mkekani, tukavitoa vyote tisa vilivyobaki, kimoja kimoja, mtoto asije akavitia mdomoni. Majoho tukayaacha yalivyo, tukaenda kliniki kabla haijafungwa. Nikamweleza nesi yote.

"Kwa nini uliacha?"

"Zinanichafua tumbo, na nilijiona nimepona."

"Na mimi nipo hapa kwa kazi gani?" akauliza. "Ungeniambia tumbo linakusumbua, ningekusaidia. Kuanzia leo utameza jioni, na utakula kidogo kwanza. Siku ulizoruka utazifidia mwishoni. Zingekuwa wiki nne, tungekuwa tunazungumza mengine hapa." Akanipa kikopo cha kutolea makohozi. "Majibu kesho."

Jioni ile kitanda cha mdogo wangu kilihamia chumbani kwa mama. Alikuja kugonga mlango wangu kwa viganja, akiniita, na mimi sikufungua. Niliomba, safari hii bila maneno mengi. Nilimwambia Mungu ukweli wote, kisha nikaomba mtoto yule asilipe kosa langu.

Asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki, mdogo wangu mgongoni kwa mama. Nesi akatoka na karatasi, na uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Hakuna kijidudu hata kimoja. Safi!"

Mama akasema, "Asante Yesu," kisha akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akavifanya vyote viwili kwa pamoja. Mimi nikakaa chini palepale sakafuni. Niliona kama nimetuliwa gunia la mawe.

Kisha nikamwambia nesi maneno ya Kengele, kwamba kumeza dawa baada ya maombi ni kukosa imani. Nesi alitaka kujibu, mama akamtangulia.

"Sikiliza, mwanangu. Tulimwomba Mungu akuponye, akatusikia. Akatupa nesi, akatupa kliniki, akatupa vidonge vya miezi sita. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na wewe ulikuwa unalitupa kila asubuhi. Kumwamini Mungu si kuruka sehemu ngumu. Ni kuipita siku kwa siku, naye akiwa nawe. Na siku ikikulemea, sema. Hekima haimkatazi mtu kulalamika, inamkataza kudanganya."

"Na huyo Kengele mlete kwangu," nesi akadakia. "Sauti yake tunaihitaji hapa, iwatangazie wengine habari kamili."

Tukacheka wote. Mama akainuka, akajinyoosha mgongo, akakumbuka majoho yanayomsubiri. "Haya, mpokee mdogo wako. Ameniumiza mgongo tangu jana." Nikampokea. Akanikumbatia shingo kwa mikono miwili kama mtu aliyenitafuta mwaka mzima, nami nikambeba njia nzima hadi nyumbani.

Jioni ile nilikula kidogo, nikameza vidonge vitatu, nikainua ulimi kabla sijaambiwa.