Miti Iliyo Juu ya Silanga

Arbia aliamka, akaswali, akakamua mbuzi, kisha akamfungia punda madumu mawili. Alifanya hivyo kila siku. Aliishi karibu na Balambala na mumewe, Alio, na binti yao, Safiyo. Maji waliyapata kwenye silanga, yaani bwawa lililochimbwa kukinga maji ya mvua.

Januari ya mwaka 1995 silanga ilikauka mapema. Wakahamia Mto Tana na mifugo yao, na Safiyo akakosa muhula mzima wa shule. Sasa ilikuwa Septemba.

"Ikikauka tena tunahama," Alio alisema akinoa shoka. "Na safari hii shule ndiyo basi."

"Ana mtihani wa darasa la nane mwakani!" Arbia alisema.

"Mbuzi hawanywi vitabu."

Alio alichukua shoka na hangol, fimbo ndefu yenye ndoano ya kuvutia matawi ya miiba. Kila mwaka kabla ya mvua alizungushia silanga ua wa miiba ili ngamia wasiingie majini. Miti aliikata papo hapo, upande wa juu, maji ya mvua yanakotokea.

Bishara alimkuta huko. Alikuwa jirani yao, na aliwahi kufanya kazi kwenye kitalu cha miche mjini Garissa.

"Walaal, ndugu yangu, weka shoka chini."

"Nalinda maji, dada."

"Unayamaliza. Njoo uone."

Bishara alichukua hangol akaichomeka katikati ya silanga. Ilizama nusu nzima kwenye tope.

"Tulipochimba, kina kilikuwa kiasi gani?" aliuliza.

"Mtu akisimama ndani haonekani."

"Na leo?"

Alio alishuka ndani akasimama. Ukingo ulimfika kiunoni.

"Udongo huu umetoka pale ulipokata miti," Bishara alisema. "Mizizi hushika udongo. Miti ikiisha, mvua husomba udongo na kuutupa humu. Sasa maji yakae wapi?"

"Baba yangu alikata hivi hivi."

"Baba yako alikata akahama! Miti ikapata miaka ya kuota tena. Wewe una miaka saba hapa, umesimama kama nguzo ya simu."

Arbia, aliyekuwa akijaza madumu kwenye maji machache yaliyobaki, alicheka. Alio hakucheka. Lakini shoka alililaza chini.

"Ngamia je?" aliuliza.

"Kata vijiti vya mti wa utomvu, ule ambao kijiti chake huota mizizi. Vichomeke ardhini kabla ya mvua, vitaota viwe ua ulio hai. Kwa sasa tumia miiba ya zamani. Mifugo inywe kwenye hori, nje ya ua."

Arbia alizunguka nyumba zote. "Leteni majembe na karai," alisema. "Anayekunywa maji haya, achimbe." Wakachimba tope wiki tatu, Safiyo naye kila alipotoka shule. Vijiti vikachomekwa. Upande wa juu hakuna aliyekata hata tawi.

Mvua ya Oktoba ikanyesha. Januari ikapita, silanga ina maji. Februari ikapita, bado ina maji.

Siku moja mwezi wa Machi, Safiyo alikuwa darasani. Alio alisikia shoka upande wa juu. Mchungaji mgeni alikuwa ameanza kukata mti.

"Wewe!" Alio alipaza sauti. "Weka hilo shoka chini. Binti yangu ana mtihani!"